Nilivyoinyonga Klachi ya Pikipiki Yangu

Ninaishi Mtongwe na ofisi yangu iko upande wa kisiwani Mombasa, kwa hiyo kila siku ya kazi mimi na pikipiki yangu ya cc 150 tunavuka kivuko cha Likoni asubuhi na jioni. Safari yenyewe ni fupi, na ukiipima kwa kilomita utasema pikipiki hii haifanyi kazi yoyote ya maana. Klachi, yaani kifaa kinachounganisha na kutenganisha injini na gurudumu la nyuma, haihesabu kilomita hata hivyo. Inahesabu ni mara ngapi umeibana na kuiachia, na kwenye foleni ya feri mtu huibana na kuiachia kila baada ya hatua kumi: unasogea, unasimama, unasogea tena nyuma ya lori, unaupanda mlango wa chuma wa feri taratibu ili usimgonge mtu, na mkishavuka unatoka pamoja na umati na kuukwea mwinuko wa gatini kwa gia ya kwanza, vidole vikiwa vimeshikilia klachi nusunusu, kwa kuwa ukiiachia yote utamparamia mama aliyejitwika ndoo ya samaki, na ukiibana yote utarudi nyuma. Nadhani dakika tano za pale huila klachi kuliko safari nzima ya kwenda Mtwapa barabara ikiwa wazi.

Nayaandika haya kwa sababu mwaka jana niliiharibu klachi yangu kwa mikono yangu mwenyewe, nikiwa nimeshika spana na nikiamini kwamba ninaitengeneza.

Ilianza wakati wa mvua za masika. Gia zilikuwa nzito. Nikisimama kwenye foleni na kutafuta nyutro, yaani hali ya kutokuwa kwenye gia yoyote, taa ya kijani ilikataa kuwaka. Mguu unapiga gia ya kwanza, unapiga ya pili, unarudi ya kwanza, na nyutro imepita katikati bila kuonekana. Asubuhi nikiingiza gia injini ikiwa baridi, pikipiki iliruka mbele kama mbuzi aliyekanyagwa mkia. Jirani yangu, ambaye ni mwendesha boda wa siku nyingi, alinitazama mara moja akasema klachi imelegea, niikaze. Nikaikaza. Niliizungusha skrubu ya kwenye usukani mpaka liva, ule mkono wa klachi unaovutwa kwa vidole, ikawa haina hata chembe ya kucheza, na kweli gia zikaingia laini kama sufi. Nilijisifu kwa muda wa wiki tatu.

Wiki ya tatu nilikuwa nikienda Kwale kwenye harusi, mpwa wangu amekaa nyuma. Kutoka Likoni hadi njia panda ya Kombani sikuona tatizo lolote. Lakini ukikata kulia pale, barabara huanza kupanda kuelekea vilima vya Shimba, na hapo ndipo nilipoumbuka. Nilivuta mafuta nikiwa kwenye gia ya tatu, injini ikanguruma kwa sauti kubwa, na pikipiki ikazidi kupunguza mwendo. Nikavuta zaidi, kelele zikaongezeka na mwendo ukapungua zaidi. Mpwa wangu akauliza, “Mjomba, mbona kelele nyingi na hatuendi?” Kisha ikaja harufu, harufu ya kitambaa kilichosahauliwa chini ya pasi. Kwale tulifika, kwa kupumzika mara tatu njiani na kwa yeye kutembea kwa miguu sehemu zenye mwinuko mkali, akiwa amevaa kanzu nyeupe.

Jumatatu niliisukuma hadi kwa mzee mmoja fundi anayefanyia kazi zake chini ya mwarobaini huku kwetu upande wa Likoni. Nilimwamkia, akaitikia, na kabla sijamaliza kueleza alikuwa ameishika liva ya klachi kwa vidole viwili na kuitikisa. Haikutikisika. Akanitazama juu ya miwani yake. “Mwanangu, hii hukuikaza. Umeinyonga.”

Alichonieleza siku ile, huku akimwaga oili na kufungua kifuniko cha upande wa kulia wa injini, ndicho kiini cha andiko hili, na kwa kuwa kilinichukua muda kukielewa nitakieleza polepole.

Ndani ya kifuniko hicho pana pleti zilizopangwa moja juu ya nyingine kama chapati, ila ni za aina mbili zinazopishana: moja ya chuma kitupu, inayofuata imebandikwa vipande vya kitu kigumu chenye kukwaruza, kisha ya chuma tena, na kadhalika. Zile zenye vipande huzungushwa na injini. Zile za chuma zimeungana na giaboksi, na kwa hiyo na mnyororo na gurudumu la nyuma. Springi, ambazo katika pikipiki nyingi za kawaida ni nne hadi sita, huzigandamiza pleti zote kwa pamoja, na msuguano wa mgandamizo huo ndio unaobeba nguvu yote ya injini hadi kwenye gurudumu. Unapovuta liva, kebo huvuta mkono mdogo ulio kwenye injini, nao husukuma sahani ya kubana inayokazwa na springi, mgandamizo ukaondoka na pleti zikaachana.

Sasa angalia jinsi lugha yetu ya kila siku inavyotupoteza. Sisi husema “bana klachi” tukimaanisha kuvuta liva, ilhali kwa kuvuta liva ndipo pleti zinapoachiwa. Aidha husema “kaza klachi” tukimaanisha kuikaza kebo, ilhali kebo iliyokazwa kupita kiasi huilegeza klachi yenyewe, kwa kuwa ni sawasawa na mtu aliyeweka kidole kimoja juu ya liva usiku na mchana. Springi hazipati nafasi ya kubana sawasawa. Pleti huteleza kidogo kila unapovuta mafuta. Kuteleza huleta joto, joto huunguza vile vipande vya kukwaruza na kuvifanya viwe vyeusi na laini kama kigae, na vikishakuwa laini huteleza zaidi. Barabara tambarare huficha hali hiyo kwa sababu haidai nguvu nyingi. Mlima wa Kwale ukiwa na abiria haufichi kitu.

Mzee alinipa pleti moja mkononi. Ilikuwa nyeusi ukingoni, na nilipoipitisha kucha juu ya vile vipande kucha iliteleza kama juu ya sahani ya udongo. Pleti ya chuma iliyokuwa ikigusana nayo ilikuwa na madoa ya buluu na zambarau, rangi ambazo chuma hupata kikichomwa. Aliilaza juu ya kipande cha kioo cha dirisha alichokitunza kwa kazi hiyo na kuigusa upande mmoja. Upande wa pili ukainuka. Ilikuwa imepinda.

Kwa hiyo ulegevu mdogo wa liva si kasoro inayopaswa kuondolewa, bali ndio uthibitisho kwamba springi zinabana kikamilifu unapokuwa hujagusa kitu. Pikipiki nyingi za Honda huelekezwa ziachiwe milimita 10 hadi 20 zikipimwa kwenye ncha ya liva, yaani ncha isogee kiasi hicho kabla hujahisi uzito wa springi. Watengenezaji wengine hupima mahali tofauti, kwenye upenyo ulio kati ya mzizi wa liva na kishikio chake, na huko kipimo cha kawaida ni milimita 2 hadi 3. Vipimo hivyo viwili si vya kuchanganya: mtu akisikia “milimita 2” na kuzipima nchani, atakuwa ameinyonga kama nilivyoinyonga mimi. Mwenye kitabu cha pikipiki yake na akifuate.

Kuirekebisha hakuhitaji ufundi mkubwa. Kuna sehemu mbili za kurekebishia: moja kwenye usukani, ambayo ni skrubu yenye meno ya kushikwa kwa vidole pamoja na pete ya kuifungia, na nyingine chini kwenye injini, ambako kebo hupita kwenye kishikizo chenye nati mbili. Ile ya juu ni ya marekebisho madogo tu. Kosa la wengi, nami nikiwemo, ni kuitumia ile ya juu peke yake mpaka itoke nje karibu yote na kubaki imeshikiliwa na nyuzi mbili tatu, ambapo siku moja huvunjika. Njia aliyonionyesha mzee ni kuirudisha ya juu ndani karibu yote, kisha kuondoa ulegevu mkubwa kule chini kwa spana mbili, nati moja ikishikwa na nyingine ikizungushwa, na mwisho kurudi juu kumalizia. Fanya kazi hiyo injini ikiwa imepoa. Halafu zungusha usukani wote kushoto, kisha wote kulia, huku ukiitikisa liva. Ulegevu ukibadilika, kebo imebanwa mahali, na ukikosa kuliona jambo hilo utarekebisha klachi kila wiki bila mafanikio. Pikipiki za boda hapa Mombasa zenye miavuli mikubwa huwa na ugonjwa huo mara nyingi, kwa kuwa anayefunga chuma cha mwavuli hufunga na kebo humo humo.

Nikirudi kwenye masika yangu: ikiwa klachi haikuwa imelegea sana, kwa nini gia zilikuwa nzito? Kebo ilikuwa na kutu. Sisi wa pwani tunaishi na hewa ya chumvi, na mvua zikianza maji huingia pale juu ambapo mpira wa kuzibia umepasuka, yakashuka ndani ya ala ya kebo na kukaa humo. Waya ukishakuwa na kutu hautelezi. Unavuta liva yote, lakini sehemu ya mvuto huo huishia ndani ya ala na haifiki kwenye injini. Pleti haziachani vizuri, gia zinagoma, nyutro inapotea. Dalili yake ni liva nzito kuvuta na nzito zaidi kurudi: ukiiachia inarudi polepole kama mlango wenye bawaba kavu. Dawa yake ilikuwa kuichomoa kebo upande wa juu, kuishikilia wima na kuidondoshea oili nyepesi mpaka itokee upande wa chini, au, kwa kebo ya umri wa yangu, kununua mpya. Kebo ni kitu cha bei ndogo dukani. Mimi niliikaza, na kwa kuikaza nikalipa pleti, springi, gasketi (karatasi ya kuzibia kifuniko cha injini), oili na kazi ya siku nzima.

Ipo kanuni moja ambayo ningependa kila mwenye pikipiki aijue, nayo ni kuangalia ulegevu unabadilika kuelekea upande gani. Kebo ikirefuka au ala yake ikichakaa, liva huzidi kulegea kadiri siku zinavyokwenda, na pikipiki huanza kusogea yenyewe ukiwa umesimama na gia ya kwanza. Pleti zikiisha, katika pikipiki nyingi za kawaida hutokea kinyume: rundo la pleti linakuwa jembamba, sahani ya kubana inasogea ndani, na ulegevu unapungua wenyewe bila mtu kugusa kitu. Mtu anayejikuta kila baada ya wiki mbili analazimika kuilegeza kebo ili apate ule mchezo mdogo wa liva, na hapo hapo injini inapiga kelele mlimani, hana tatizo la kebo hata kidogo. Pleti zinamuaga.

Kipimo cha kuteleza ni rahisi, ila kifanyie mahali penye nafasi. Endesha taratibu kwenye gia ya juu, tuseme kilomita 40 kwa saa, kisha vuta mafuta mengi kwa mara moja. Klachi nzima itaifanya injini isite na kupanda mwendo pamoja na pikipiki. Klachi inayoteleza itaiachia injini ipande sauti peke yake, halafu pikipiki ifuate baadaye kwa shingo upande. Kipimo cha upande wa pili, cha klachi isiyoachia, hufanywa pikipiki ikiwa kwenye stendi ya kati, injini imeshapata joto, gia ya kwanza imeingia na liva imevutwa yote: gurudumu la nyuma kuzunguka kidogo kwa uvivu ni kawaida, kwa sababu oili iliyo kati ya pleti hulivuta, lakini likizunguka kwa nguvu klachi haijaachia. Weka mikono na nguo mbali na gurudumu na mnyororo. Kanzu na baibui si mavazi ya kazi hii.

Kabla ya kumlaumu fundi au kebo, uliza pia ni oili gani imo ndani. Klachi za pikipiki hizi huogelea ndani ya oili ileile ya injini, na oili nyingine za magari hutiwa dawa za kupunguza msuguano ili gari litumie petroli kidogo. Msuguano ndio riziki ya klachi. Kiwango cha Kijapani kiitwacho JASO, kilichowekwa mwaka 1998, hutenganisha jambo hili waziwazi: chupa yenye alama ya MA au MA2 inafaa klachi inayolowa oili, na yenye alama MB ni ya injini ambazo klachi yake haimo ndani ya oili hiyo, kama skuta nyingi. Alama hiyo huandikwa nyuma ya chupa kwa herufi ndogo. Kwenye oili ya kupimwa kwa kibaba kutoka kwenye pipa hakuna alama ya kusomwa, na kwa sababu hiyo nimeacha kuinunua, ijapokuwa rafiki zangu wa stendi huniona mtu wa maringo.

Swali la lini umpelekee fundi nilijiwekea jibu kwa kuangalia mambo yaliyonipata na yaliyowapata wenzangu. Ikiwa umeirekebisha kebo sawasawa, ulegevu upo, kebo inateleza vizuri, oili ni ya sawa, na bado injini inapanda sauti bila mwendo, acha spana. Hapana skrubu ya nje itakayorudisha pleti iliyoungua. Vivyo hivyo ikiwa sehemu zote mbili za kurekebishia zimefika mwisho wa nyuzi zake, au ikiwa kuna harufu ya kuungua, au mlio wa kugongana upande wa kulia wa injini unaobadilika unapovuta liva. Upo pia ugonjwa ambao hudanganya sana: kopo kubwa lenye vidole linaloshikilia pleti, ambalo mafundi huliita hauzingi, huchimbika vishimo pale meno ya pleti yanapogonga, nazo pleti zikajikwaa humo badala ya kuteleza. Klachi ya namna hiyo hushtuka unapoiachia na hugoma kuachia unapoivuta, na unaweza kubadilisha kebo tatu bila kupata nafuu. Fundi mzuri huvisawazisha vishimo hivyo kwa tupa vikiwa vidogo, na vikiwa vikubwa atakwambia ununue hauzingi nyingine.

Waya wa kebo ukianza kukatika uzi mmoja mmoja pale kwenye kichwa chake, karibu na liva, usisubiri mwisho wa mwezi. Mimi sasa nina kebo ya akiba niliyoifunga sambamba na ile inayofanya kazi, kuanzia usukani hadi kwenye injini, ili siku kebo ya sasa ikikatika katikati ya daraja la Nyali nihamishe ncha mbili tu na kuondoka.

Ukienda kwa fundi, kaa hapo. Sisemi hivyo kwa kuwashuku mafundi. Nimejifunza mengi kwa kukaa juu ya kopo la rangi lililogeuzwa kuliko nilivyojifunza kwa kusoma. Mwombe akurudishie pleti za zamani. Angalia kama anabadilisha springi zote kwa pamoja au anachukua mbili mpya na kuzichanganya na mbili zilizochoka, kwa sababu springi zisizolingana huisukuma sahani upande. Angalia kama pleti mpya amezilowesha ndani ya oili kabla ya kuzipanga. Zikifungwa kavu, mizunguko ya kwanza ya injini huziumiza. Mzee wangu alizitumbukiza ndani ya karai la oili safi kabla hajaenda kuswali Adhuhuri, na aliporudi ndipo akaanza kuzipanga, moja moja, akizifuta ukingo kwa kidole. Boliti za springi alizikaza kwa kuvukavuka, hii kisha ile ya mkabala wake, kidogo kidogo, bila haraka. Gasketi ya zamani aliikwangua yote, hata kale kapande kalikokuwa kameganda pembeni ambako mimi ningekaachia.

Alipomaliza aliiweka liva kwa milimita 15 nchani, akipima kwa rula ya plastiki ya mtoto wa shule, akanikataza kubeba abiria mlimani kwa wiki ya kwanza na kuniambia nirudi baada ya wiki mbili, kwa kuwa pleti mpya hukaa kitako na vipimo husogea. Nilirudi. Ulegevu ulikuwa umepungua hadi milimita 11. Alinipa spana niirekebishe mwenyewe huku yeye akinywa kahawa, nikazungusha nati ya chini kidogo, nikapima, nikazungusha tena, na ilipofika 15 nikafunga. Akaishika liva kwa vidole vyake viwili, akaitikisa, ikacheza.